Kidole Kwenye Ukungu

Shahidi aliletwa asubuhi, kabla ukungu haujaamua kuondoka. Baraza la Safu za Uluguru halikuwa na ukumbi. Lilikuwa na uwanja, taa kubwa zilizoelekezwa bondeni, na ukungu wenyewe, usiomngoja mtu aliyelala.

Taa zilipowashwa, mwanamke wa mistari akasimama juu ya bonde, mrefu kuipita misonobari. Hakuwa na uso. Pale pa uso palikuwa na duara la rangi ya udongo, na sauti yake ilikuwa imechujwa hadi haina umri wala kijiji. Lakini mabega yake yalipanda na kushuka, kwa kuwa yalitokana na mtu anayepumua: mtu aliyekaa chumbani kwa mafundi akasema aliyoyasikia, vyombo vikauchukua mwendo wake na kuuvika mchoro huu.

Nyuma ya taa, fundi Mihambo Ntabo alikuwa amevaa shati lake la sikukuu. Hakuna aliyemwambia avae hivyo. Fundi wa michoro ya mashahidi hatakiwi kuonekana, kama mpishi wa msibani asivyotakiwa kusifiwa. Ila Mihambo alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Waluguru ni mtani, na mtani akikosa watu wa kuwachekesha huwashwa mwili mzima.

"Mnyamwezi!" mtu akamrushia kutoka kwenye umati. "Leo mzigo umeuweka wapi?"

"Nimempa Mluguru abebe," Mihambo akajibu. "Ndiyo maana haujafika."

Watu wakacheka. Kule juu, mwanamke wa mistari akaanza kusema.

"Nilikuwepo Bwana Mloka alipoambiwa kwamba kamba ya wavu wa juu imeanza kukatika nyuzi. Akasema, wapandishwe hivyo hivyo, mji unataka maji."

Kicheko kikafa. Kila aliyekuwa pale alikunywa maji ya nyavu zile, zilizotandazwa mgongoni mwa mlima ili kunasa ukungu, na kila mtu alijua habari ya ile kamba. Watu watatu walianguka nayo wakafa. Mmoja wao, Gaudensi, ndiye aliyebebeshwa lawama. Ilisemwa alifunga vibaya. Maiti hajibu hoja. Mzee Damasi Mloka, msimamizi wa nyavu, alikuwa ameketi mstari wa mbele na fimbo yake kati ya magoti, ametulia kama mtu anayesubiri chai.

"Wapandishwe hivyo hivyo," mwanamke wa mistari akarudia, na hapo mkono wake wa kushoto ukajifumba. Vidole vikalala vyote isipokuwa kile cha mwisho. Hicho kikabaki nje, kikakunjuka na kukunjika, kikakunjuka na kukunjika, kama kinaita kitu kidogo kilicho mbali. Juu ya ukungu kilikuwa kirefu kama mnazi. Ukingo wake haukuchanika wala kufifia. Mihambo alikitazama kama mzazi anayemtazama mwanawe akipokea zawadi shuleni.

"Jamani!" bibi mmoja wa ukoo wa Mloka akapaza sauti. Alikuwa na uso wa furaha, hakuwa na ubaya wowote. "Mbona huyo anaita kuku?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mihambo naye akacheka. Alikiona kama kidole chake, kwa kuwa alikuwa amekishughulikia juma zima. Halafu kicheko kikaanza kukatika kwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Kilikatika kwanza upande wa kulia, walikokaa watu wa ukoo wa Mloka, kisha kikaendelea kukatika safu kwa safu hadi akabaki yeye peke yake na meno nje.

Hakuna aliyegeuka. Hilo ndilo lililomtisha. Watu wasiomtambua mtu hugeukageuka wakimtafuta. Waliokwisha kumtambua hutazama miguu yao.

Mihambo akapitisha macho. Katikati ya ukoo ule alikaa mwanamke wa makamo, mwenye kitenge cha njano, ambaye naye alikuwa akitazama miguu yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaingia taratibu chini ya kitenge, kama mwizi anayeingia ndani kwa dirisha.

Mzee Mloka peke yake ndiye aliyeendelea kutazama juu. Aliutazama mchoro hadi neno la mwisho, akashukuru Baraza, akaondoka bila haraka.

*

"Fungua faili," alisema Bi Devota.

Bi Devota alikuwa mkuu wa chumba cha mafundi, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, jambo lililowafanya mafundi watamani apandishe. Mihambo akafungua. Mwanamke asiye na uso akatokea kwenye kioo, mdogo sasa kama mwanasesere, na pembeni yake tabaka zote za mwili wake zikajipanga: kichwa, shingo, bega, mkono.

Mtu wa nje angeona picha tu. Picha ya kawaida ni punje za rangi zilizopangwa, kama mchele kwenye ungo. Ikuze, na punje zinaachana. Faili la vekta halina punje. Ni maagizo: anzia nukta hii, pinda kiasi hiki, ishia nukta ile. Ukilikuza liwe kubwa kama mlima, maagizo ni yale yale, na ukingo unabaki mkali kama wembe. Kwa sababu hiyo Baraza lililipenda. Kosa nalo hukua vilevile, bila kufifia.

"Mkono wa kushoto," alisema Bi Devota.

Mihambo akabofya. Chini ya kiganja zikafunguka tabaka nyingine, kila kidole na yake.

Bi Devota alitazama kwa muda. "Kanuni ya chumba hiki inasemaje?"

"Vidole vinafungwa pamoja na kiganja."

"Kabla ya nini?"

"Kabla faili halijaingizwa kwenye programu ya uhuishaji. Kikiingia kitu kimoja, kinacheza kitu kimoja."

"Na baada ya hapo?"

"Tunaulainisha mwendo. Tunapunguza nukta mpaka zile tabia za mtu zidondoke."

"Unajua vizuri," alisema Bi Devota. "Nilidhani labda hujui, nikakuonea huruma. Bega la mtu yeyote linapumua kama bega la mwenzake, Mihambo. Kidole kina ukoo. Kwa nini ulivifungua?"

Alikuwa na majibu mawili ya kuchekesha, yote mawili yakagoma kutoka.

"Mkono ulifanana na mwiko," akasema. "Halafu nikaangalia mwendo ghafi, nikakiona kile kidole. Kilikuwa kizuri, Bi Devota. Nikasema kazi itakuwa hai."

"Watu wakupigie makofi."

"Wasingenijua ni mimi."

"Lakini wewe ungeyasikia."

Mihambo akainama. Kwao Tabora, alikokulia, alipigwa viboko kwa kumwigiza mwalimu, akanyimwa chakula kwa kumwigiza baba wa kambo, akafukuzwa kazi ya kwanza kwa kumwigiza meneja aliyekuwa amesimama nyuma yake. Zote hizo alizigeuza hadithi za kuchekesha. Hii hakuona itageuzwa upande gani.

"Na mwiko," Bi Devota akaongeza, "haujawahi kumfukuzisha mtu kwao."

"Niseme ni changu," Mihambo akasema. "Kila fundi hapa nchini anajulikana kwa kuficha sahihi yake ndani ya kazi. Nitasema kidole ni sahihi yangu, nimekiongeza mimi."

"Sheria ya Baraza unaijua. Mchoro ukiongezwa hata nukta moja isiyotoka kwa shahidi, si ushahidi tena. Ni katuni. Kidole chako kitaondoka na maneno yote. Mloka atarudi kwenye nyavu zake, na Gaudensi atabaki marehemu muuaji."

"Basi nikibandike kidole kwa mashahidi wengine pia, ionekane wote wanacho..."

"Hao nao umewauliza?"

Nje, ukungu ulikuwa umeshapanda, mlima ukabaki mtupu kama meza iliyofutwa.

"Nisiposema chochote?" akauliza.

"Jumapili ukoo wa Mloka unakaa kikao. Huyo mwanamke ni mtoto wa dada yake Mloka. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo iko mkononi mwa mjomba. Ameshitaki mkono unaomlisha." Bi Devota alifunga faili kwa kidole kimoja. "Sheria inakataza sisi kumjua. Lakini uwanja mzima unamjua, kwa hiyo nenda. Ila usiende na uamuzi mfukoni, Mihambo. Umeshamwamulia mara moja."

*

Shamba la Skolastika lilikuwa limekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, kabichi chini, njegere juu. Mihambo alifika akihema kama mfua vyuma. Mwanamke wa kitenge cha njano alikuwa anachuma njegere kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto alikuwa ameufunga kiunoni, ndani ya kitenge.

"Mnyamwezi," alisema bila kugeuka, "mlima umekushinda hata bila mzigo?"

"Mzigo ninao, dada."

"Utue basi. Njegere hizi haziwezi kungoja."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Mimi sikujui, wewe hunijui." Akaangusha njegere kwenye kapu. "Ukija kununua, sema. Ukija kuhojiana, mimi nina kazi."

Mihambo akaelewa. Hata huku juu, pasipo mtu, alikuwa anakana. Akachutama kwenye ngazi ya chini yake na kuanza kuchuma naye, vibaya, akikata na majani.

"Kuna mwanamke mmoja," akasema. "Simtaji. Nimemkosea."

"Heee. Kumbe. Huyo mwanamke wako, alipoingia kwenye kile chumba chenu, aliambiwaje?"

"Aliambiwa hatatambulika."

"Na nani?"

"Na sheria."

"Sheria ina mikono?"

"Hapana," alisema Mihambo. "Mikono ni yangu."

Skolastika akaendelea kuchuma. "Na hicho kidole, ulikitoa nje kwa sababu gani? Kuna mtu alikulipa?"

"Hakuna."

"Ulichukia wanawake? Ulilewa?"

"Nilikipenda."

Mkono wa Skolastika ukasimama. Alimtazama kwa mara ya kwanza, na Mihambo akatamani angetukanwa. Mtukanwaji ana pa kusimama.

"Ulikipenda," Skolastika akarudia. "Bibi yangu alikuwa nacho. Kila akitaka kutoa neno zito, kidole kinatangulia. Sisi wajukuu tulikuwa tunakiigiza, tunacheka. Mimi kikanibakia, wenzangu kikawatoka." Akapangusa pua kwa bega. "Hata mjomba anakijua. Jana amemtuma mtu aniletee salamu. Salamu tu. Mjomba hajawahi kunitumia salamu maishani; huwa anapita mwenyewe, anakula, anagombeza, anaondoka. Sasa natumiwa salamu kama mgeni."

Mihambo alimweleza njia zilizokuwepo. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kusahau, lakini alieleza yote: fundi akinyamaza, maneno yatabaki na mwanamke ataonekana; fundi akisema kidole ni chake, mwanamke atafunikwa na maneno yatafutwa.

"Kwa hiyo unaniuliza mimi nichague."

"Ndiyo, dada."

"Umenivua nguo sokoni, halafu unakuja mbio kuniuliza nataka kujifunika kwa nguo gani. Na nguo iliyopo ni moja, ya Gaudensi. Nikijifunika mimi, anabaki yeye uchi, na yeye hawezi hata kujiziba kwa mikono." Sauti yake haikupanda. "Nilikwenda kwenye kile chumba kwa ajili yake. Mama yake tunachota maji pamoja. Kila siku nilikuwa namwambia shikamoo, mdomo wangu umejaa."

"Ningeweza kusimama nawe. Nikatoa ushahidi kwamba..."

"Kwamba nini? Wewe ulikuwepo? Wewe utanipa shamba?" Akaonyesha kwa kidevu, kabichi, njegere, paa la bati kule chini na moshi wake. "Nina mabinti wawili. Wakitolewa kwenye ukoo, watalima kwa nani? Wakifa watazikwa wapi, pembeni ya barabara kama mbwa?"

Akachuma, akachuma. Kapu lilikuwa limejaa na bado alikuwa anaongeza, njegere zikimwagika pembeni.

"Sema ni chako," alisema hatimaye.

"Dada, una siku mbili za kufi..."

"Nimesema." Halafu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi: "Onyesha. Watakutaka ukifanye mbele yao. Onyesha unavyokifanya."

Mihambo akasimama. Kuigiza ndiko kulikomlea. Akafumba kiganja, akatoa kidole cha mwisho, akakichezesha.

"Hapo unaita mbwa," alisema Skolastika. "Mtoto mdogo hatadanganyika."

Akajaribu tena.

"Unaanzia kwenye kidole. Hakianzii kwenye kidole." Akaufungua mkono wake wa kushoto kutoka kiunoni, akaukamata wa Mihambo kwa nguvu, akamgusa chini ya mbavu. "Kinaanzia hapa. Neno linakataa kutoka, unalimeza, linarudi, ndipo mkono unajifumba wenyewe. Kidole ni kile kinachobaki nje kwa sababu hakikuambiwa."

Juma zima Mihambo alikuwa ameitazama mistari ile, nukta kwa nukta, na hakuona pumzi iliyomezwa. Alikuwa amelipenda pambo la mlango, hajui ndani kuna mgonjwa. Wakafanya mazoezi, mwanamke akimsahihisha kwa kumchapa kiganja, hadi kidole kikamwitikia.

"Sasa ni chako," alisema Skolastika. Alichomoa uzi kwenye pindo la kitenge, akauzungushia kidole chake cha mwisho pamoja na kidole cha jirani, akaukaza kwa meno. "Hiki changu kitajifunza kulala. Haya, nenda, na uchukue njegere. Mtu akikuona unashuka mikono mitupu atauliza ulifuata nini."

*

Jumapili, baada ya misa, ukoo ulijaa uwanjani, na Baraza likaja kwa sababu Mihambo aliliomba lije. Hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa na kivuli chake.

Alikuja amejipaka majivu usoni na mikononi, kama watani wanavyofanya msibani wanapovaa nguo za marehemu na kutembea mwendo wake ili wafiwa wacheke. Watu walipomwona hivyo wakaanza kutabasamu kabla hajasema. Mtani hakasirikiwi; ni sheria iliyo na umri mkubwa kuliko Baraza.

"Waluguru," akaanza, "ninyi mnaoshuka mlima leo mkafika kesho, mkaulizwa mlikuwa wapi mkasema tulikuwa tunafikiri..."

"Mbeba mizigo wewe!" wakampokea.

"Nimebeba, ndiyo. Nimebeba hadi dhambi. Mtamwonea mtu bure nikinyamaza. Asubuhi ile mlicheka nini?"

"Kuku!"

"Basi aliyekuwa anaita kuku ni mimi."

Akaeleza habari ya sahihi. Mafundi wana tabia mbaya, kila mmoja huacha alama yake kwenye kazi, huyu kovu, yule kifungo cha shati. Yeye alipenda kidole. Bibi yule mwenye furaha akasimama. "Kifanye tukione!"

Mihambo alimeza neno. Hakulazimika kuigiza, neno lilikuwepo kweli, lilikwama chini ya mbavu mahali alipoguswa. Mkono ukajifumba wenyewe. Kidole kikabaki nje, kikakunjuka na kukunjika.

"Ndicho!" bibi akapiga makofi. "Ndicho kile kile! Mnyamwezi mchawi, alitutia hofu!"

Kicheko kilichotoka pale hakikuwa cha utani. Kilikuwa cha watu waliokuwa wamejiandaa kumfukuza mtoto wao na sasa wameambiwa si lazima. Walicheka wakishikana mabega, wengine wakifuta macho. Mwenyekiti wa Baraza akasubiri kelele zipungue, akatoa uamuzi: ule si ushahidi, ni katuni, unafutwa wote, Mihambo Ntabo hatashika tena mchoro wa shahidi. Bi Devota, aliyesimama nyuma, aligeuka akaenda zake kabla Mwenyekiti hajamaliza.

Palikuwa na mtu mmoja asiyecheka. Mama yake Gaudensi alikuja mbele polepole, kanga nyeusi mabegani, akasimama mbele ya Mihambo karibu kiasi cha kuona majivu yalivyopakwa.

"Baba," alimwita, ingawa angeweza kumzaa. "Kidole uliongeza wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na maneno je? Kamba, na wapandishwe hivyo hivyo. Nayo uliongeza wewe?"

Mihambo aliiona fimbo ya Mzee Mloka ikiacha kucheza kati ya magoti. Akisema maneno ni ya kweli, basi kuna aliyeyasema. Na watu wataanza kumtafuta upya, kuanzia kwenye kitenge cha njano.

"Mama, mimi..."

"Nimeuliza maneno tu. Kidole sikukiuliza."

Alikuwa na uwezo wa kuigiza mtu yeyote aliyewahi kumwona. Akatafuta wa kumwigiza wakati ule, mtu mwenye ujasiri au hata mwongo mzuri, hakumpata. Akabaki na uso wake mwenyewe na majivu.

"Katuni ni katuni, mama," akasema.

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Nyuma yake, katikati ya ukoo wake, Skolastika akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti kuliko wote, kichwa nyuma, na watu wakaanza kucheka tena pamoja naye, na mama yake Gaudensi akapita katikati ya kicheko kile kuelekea barabarani.

*

"Mtani haondoki na njaa," Mzee Mloka alisema, na hakumwachia mkono hadi uani kwake.

Mikeka ilikuwa imetandikwa chini ya ukuta. Palikuwa na kuku, wali, ndizi, na wazee wa ukoo waliokuwa wakimpisha Mihambo mahali pazuri.

"Umenisaidia kuliko unavyojua," Mzee alimwambia, kwa sauti ya chini, ya kweli. "Nilikuwa karibu kumdhulumu mtoto wa dada yangu. Kwa kidole! Nisingesamehewa. Asante, baba."

Mihambo akasema haina shida, au kitu kama hicho.

"Skola!" Mzee akaita. "Njoo umnawishe mtani wako!"

Alikuja na jagi na beseni, kitenge cha njano, taulo begani. Akapiga magoti mbele ya Mihambo kama adabu inavyotaka kwa mgeni. Mihambo akanyoosha mikono. Maji yalikuwa ya vuguvugu.

"Karibu, mtani," alisema Skolastika.

"Asante, dada."

"Na keshokutwa," Mzee alikuwa akiwaambia wazee wenzake, "tunaupandisha tena wavu wa juu. Mji umekaa na kiu vya kutosha, na sasa hakuna kesi."

Mihambo akasikia sauti yake ikiuliza, ndogo, "Kwa kamba mpya, mzee?"

Mzee Mloka akacheka, akampiga bega. "Fundi wewe, hutaki kustaafu! Kamba ni kamba. Ile ilikuwa nzima, aliyekosea ni aliyeifunga. Si mmesikia wenyewe?"

Wazee wakakubali. Walikuwa wamesikia.

Skolastika hakuinua uso. Aliendelea kummiminia Mihambo maji mikononi, juu ya majivu yaliyokuwa yakitiririka meusi hadi kwenye beseni, na mikono ilipotakata aliendelea, na jagi lilipokwisha akabaki ameliinamisha vilevile, juu ya viganja vya Mihambo vilivyonyooshwa, na kati yao wawili hakuna aliyethubutu kuondoa mkono wake.